Je, Mkristo wa leo analazimika kutoa fungu la kumi?



Dominika tatu zilizopita, baada ya Misa ya pili, mama mmoja alinisubiri nje ya sakristia mpaka watu wote walipoondoka. Ni mjane. Mume wake alifariki mwaka jana, na baada ya kufuatilia kwa miezi mingi, mafao ya marehemu yalitoka: shilingi milioni nne. Akalipa deni la matibabu, akawarudishia ndugu waliomkopesha wakati wa msiba, akalipa kodi ya nyumba. Zikabaki laki nne. Binti yake yuko mwaka wa pili katika chuo cha uuguzi, na ada anayodaiwa ni laki nne hizo hizo. Asipolipa hafanyi mtihani.

Lakini katika kikundi cha sala anachohudhuria jioni, mama huyo ameambiwa kwamba fungu la kumi la mafao yale, yaani laki nne, si mali yake. Ni la Mungu. Akiligusa, laana itaingia nyumbani. Wakamkumbusha hata ugonjwa wa mume wake, kwamba huenda nao ulikuwa na sababu.

Akaniuliza kwa sauti ya chini: "Padre, nikimlipia mtoto ada, nitakuwa nimemwibia Mungu?"

Nilimjibu pale pale, na jibu langu utalisoma mwishoni. Lakini swali lake si la kwake peke yake. Naulizwa na vijana walioanza kazi, naulizwa na wafanyabiashara, na hata viongozi wa jumuiya ndogo ndogo wanaozunguka na daftari la zaka wananiuliza. Kwa hiyo leo tukae nalo, mimi nawe, tuanzie kwenye Maandiko.

Zaka ilikuwa nini?

Mara ya kwanza tunakutana na fungu la kumi kwa Abrahamu. Anarudi kutoka vitani, anakutana na Melkizedeki, mfalme na kuhani, naye anampa sehemu ya kumi ya vitu vyote (Mwa 14:20). Hakuna aliyemwamuru. Baadaye Yakobo, akiwa njiani kukimbia hasira ya kaka yake, anaweka nadhiri ya kumtolea Mungu sehemu ya kumi (Mwa 28:22). Huyo naye hakuamriwa.

Amri inakuja na Musa. Zaka ya Torati ilikuwa ya mazao ya shamba, matunda ya miti na mifugo. Mchungaji aliwapitisha wanyama chini ya fimbo, na kila wa kumi akawa wa Bwana, awe mnono au amekonda (Law 27:30-33). Zaka hiyo walipewa Walawi kwa sababu moja iliyo wazi: makabila mengine yalipogawiwa ardhi, kabila la Lawi halikupewa. Kazi yao ilikuwa hemani. Na wao Walawi walitakiwa kutoa sehemu ya kumi ya walichopokea kwa ajili ya makuhani (Hes 18:21-28). Kwa maneno mengine, aliyepokea zaka naye alitoa zaka.

Sasa fungua Kumbukumbu la Torati sura ya 14, kuanzia aya ya 22. Hapo kuna jambo ambalo wahubiri wengi wa fungu la kumi hawalisomi kwa sauti. Mwisraeli aliagizwa apeleke zaka mahali alipopachagua Bwana, na akifika huko aile, yeye na nyumba yake, kwa furaha mbele za Mungu, bila kumsahau Mlawi. Kama safari ni ndefu, auze mazao, afunge fedha mkononi, na akifika anunue ng'ombe, kondoo, divai, chochote roho yake inachotamani. Na kila mwaka wa tatu zaka iliwekwa akiba katika miji yao wenyewe, ili Mlawi, mgeni, yatima na mjane wale washibe.

Soma tena orodha hiyo, ndugu msomaji. Mlawi, mgeni, yatima, mjane. Mama yule aliyesimama nje ya sakristia, na binti yake asiye na baba, katika Torati wamo upande wa wanaopokea.

Utaniambia: na Malaki je? Ndiyo, nabii Malaki anawaambia watu kwamba wanamwibia Mungu kwa zaka na dhabihu, na anawaagiza walete zaka kamili ghalani (Mal 3:8-10). Maneno hayo ni mazito na siyapunguzi. Ila Malaki hakuandika aya tatu tu. Sura ya kwanza na ya pili anawageukia makuhani: wanamtolea Mungu wanyama vipofu na vilema, wanapendelea watu, wamewakwaza wengi kwa mafundisho yao. Na aya tatu tu kabla ya kuitaja zaka, anatangaza hukumu ya Mungu juu ya wanaomdhulumu kibarua ujira wake na wanaowaonea mjane na yatima (Mal 3:5). Kwa hiyo padre au mchungaji anayeichukua sura hiyo mkononi, aanze kujisomea mwenyewe. Na mtu asiichukue kumtisha mjane, kwa maana imeandikwa pia ili kumlinda.

Yesu na mitume wake

Bwana wetu aligusa habari ya zaka mara chache. Aliwakemea waandishi na Mafarisayo waliotoa zaka ya mnanaa, bizari na jira, huku wakiacha mambo makubwa ya Sheria: haki, huruma na uaminifu. Akasema haya walipaswa kuyafanya bila kuyaacha yale (Mt 23:23). Wapo wanaosema hapo Yesu ameithibitisha zaka kwa Wakristo wote. Tuwe waangalifu. Alikuwa akisema na Wayahudi walioishi chini ya Torati, na hekalu lilikuwa bado limesimama. Aliwaambia pia watu wa wakati wake watoe sadaka yao madhabahuni, lakini hakuna kati yetu anayepeleka kondoo altareni leo.

Mahali pengine Yesu anagusa moja kwa moja swali la yule mama. Katika Injili ya Marko sura ya 7, anawashutumu waliofundisha kwamba mtu akiitangaza mali yake kuwa Korbani, yaani wakfu kwa Mungu, basi hapaswi tena kuwasaidia baba na mama yake. Yesu anasema kwa kufanya hivyo wanalitangua neno la Mungu kwa mapokeo yao. Jina la Mungu halitumiki kukwepa wajibu wa damu. Na kama hairuhusiwi kuwanyima wazazi kwa kisingizio cha sadaka, itaruhusiwaje kumnyima mtoto?

Mitume nao walipata nafasi nzuri ya kuiweka zaka kuwa sheria. Walipokutana Yerusalemu kuamua ni yapi katika Torati yawabane Wakristo waliotoka mataifa mengine (Mdo 15), walitaja mambo manne. Zaka haimo. Paulo anapochangisha kwa ajili ya maskini wa Yerusalemu, anawaagiza Wakorintho kila mtu aweke akiba siku ya kwanza ya juma kadiri ya kipato chake (1Kor 16:1-2). Anawafundisha pia kwamba kila mtu atoe kama alivyoazimia moyoni, si kwa huzuni wala kwa kulazimishwa (2Kor 9:7), na kwamba Mungu anapokea mtu alichonacho, hadai asichonacho (2Kor 8:12). Hataji sehemu ya kumi. Lakini Paulo huyo huyo anasema wazi kwamba Bwana aliagiza wanaoihubiri Injili wapate riziki kwa Injili (1Kor 9:14).

Kanisa limefundisha nini?

Kwa karne za mwanzo Kanisa liliishi kwa matoleo ya hiari. Baadaye, Ulaya ilipokuwa ya Kikristo na watu wakapoa, zaka ikarudi kama sheria. Sinodi ya Mâcon, huko Ufaransa ya leo, mwaka 585 iliwatishia kutengwa na Kanisa wasiotoa. Mwaka 779 mfalme Karolo Mkuu aliifanya kuwa amri ya dola. Mtaguso wa Trento, mwaka 1563, ulisisitiza zaka zilipwe. Wakati huo zilikuwa karibu sawa na kodi, na mara nyingi ziliangukia mikononi mwa mabwana wakubwa badala ya padre wa kijiji. Mapinduzi ya Ufaransa yalipoanza mwaka 1789, kufutwa kwa zaka kulikuwa miongoni mwa maamuzi ya kwanza, na wakulima wengi walishangilia. Tusilisahau somo hilo. Kanisa linapogeuka mtoza ushuru, siku ushuru ukifutwa watu hushangilia.

Seminarini tulifundishwa namna Mtakatifu Thoma wa Akwino alivyolifumbua fumbo hili. Alisema katika zaka mna mambo mawili. La kwanza ni wajibu wa watu kuwatunza wanaowahudumia katika mambo ya Mungu, na wajibu huo umo katika akili na dhamiri ya kila mwanadamu. La pili ni kiasi chenyewe, moja ya kumi. Kiasi hicho kiliwekwa kwa taifa la Israeli, na Kanisa lina mamlaka ya kukipanga kulingana na wakati na hali ya watu.

Ndivyo Kanisa lilivyofanya. Sheria za Kanisa za mwaka 1983 hazimdai Mkatoliki asilimia kumi. Kanuni ya 222 inasema waamini wana wajibu wa kusaidia mahitaji ya Kanisa, ili pawepo vinavyohitajika kwa ibada, kwa kazi za utume na upendo, na kwa riziki ya haki ya wahudumu. Kanuni hiyo hiyo inaongeza wajibu wa kuwasaidia maskini kutoka katika mapato ya mtu mwenyewe. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2043, inarudia fundisho hilo, kila mmoja kadiri ya uwezo wake.

Nadhani mkanganyiko wetu unachangiwa na neno lenyewe. Neno "zaka" tumelipokea kutoka Kiarabu, na ndugu zetu Waislamu wanalitumia kwa wajibu wao wenye hesabu yake: asilimia mbili na nusu ya mali iliyofikia kiwango na kukaa mwaka mzima. Sisi Wakatoliki tumelitumia kwa fungu la kumi la Torati, tukalitumia kwa amri ya Kanisa ya kulitegemeza Kanisa, na tukalitumia tena kwa ule mchango wa mwaka unaoandikwa kwenye kadi ya jumuiya. Mambo matatu, jina moja. Mtu akisikia "lipa zaka" hajui anadaiwa kipi.

Usikimbie na nusu ya jibu

Sasa namwona msomaji mmoja akitabasamu. Anasema, kumbe Padre ametufungua, Dominika ijayo natupia mia tano yangu na kushiba amani. Hapana, ndugu yangu. Nusu ya jibu ni kwamba hulazimiki kutoa asilimia kumi. Nusu nyingine ni kwamba unalazimika kutoa. Ni wajibu wa dhamiri, na anayeweza kusaidia akakataa kwa makusudi ana jambo la kuungama.

Hebu tuhesabu kidogo. Hostia na divai vinanunuliwa. Umeme wa kanisani unalipiwa kama wa kwako. Katekista wa kigango, anayewafundisha watoto wako na kuwazika wazee wako, ana watoto nao wanakula. Pikipiki inayonipeleka kumpa mgonjwa Mpako Mtakatifu haiendeshwi kwa baraka. Makanisa mengi tunayosali yalijengwa kwa senti za waamini wa Ulaya, wengine wao maskini, waliojinyima kwa ajili ya watu wasiowajua. Maaskofu wetu wa Afrika Mashariki, tangu miaka ya 1970 walipoweka mkazo kwenye jumuiya ndogo ndogo, walitaka Kanisa letu lijitegemee kwa watu na kwa mali. Tumefika wapi? Kadi ya mchango wa harusi ikija tunaandika laki moja bila kuuliza aya ya Biblia. Bahasha ya Kanisa ikija tunageuka wanateolojia.

Kwa hiyo ukiniuliza utoe kiasi gani, nitakushauri hivi.

Fungu la kumi ni kipimo kizuri cha kujipima, kwa sababu kimepitia mikono ya watu wa Mungu kwa vizazi vingi. Kitumie kama kioo. Mwenye mshahara mnono akitoa asilimia kumi, huenda bado hajaugusa moyo wake. Mwenye kuuza mboga akitoa asilimia kumi, huenda amegusa unga wa watoto. Yule mjane wa Injili alitoa senti mbili, na Yesu akasema amewazidi matajiri wote (Lk 21:1-4). Lakini angalia aya inayotangulia, mwisho wa sura ya 20: Yesu anawaonya watu juu ya waandishi wanaokula nyumba za wajane. Luka ameziweka habari hizo mbili jirani. Tumsifu mjane, na tuwaangalie pia wanaoshika sanduku.

Hesabu kwa haki. Mtaji si kipato. Mama lishe anayeuza chakula cha elfu themanini kwa siku hajapata elfu themanini. Apime faida iliyobaki baada ya mchele, mkaa na kodi ya kibanda. Mkopo si kipato. Usikope kwenye kikundi ili utoe zaka, maana fedha ile ni ya wenzako. Mshahara wa kibarua wako si wako. Mlipe kwanza, ndipo uje altareni. Amueni pamoja, mume na mke, mwanzoni mwa mwezi, kabla ya fedha kutawanyika. Na katika mnachotenga, jirani maskini awe na sehemu yake.

Neno kwa sisi tunaopokea

Hapa nina jambo la kukiri mbele yako. Katika mwaka wa tatu wa upadre wangu, mzee mmoja wa kigango alifariki. Kiongozi aliniletea daftari, na mstari wa jina la mzee yule ulikuwa mtupu kwa miaka minne. Desturi ya pale ilikuwa kwamba asiyelipa azikwe na katekista, bila Misa. Sikuuliza swali hata moja. Nikasema azikwe na katekista, nikaendelea na chai yangu.

Baadaye nikaambiwa kwamba kwa miaka ile minne mzee alikuwa akimuuguza mke wake aliyepooza. Nikaambiwa pia kwamba mabenchi ya kigango kile aliyachonga yeye, kwa mbao zake, bila kudai hata senti. Kila nilipokwenda kuadhimisha Misa pale, waamini wangu walikuwa wamekalia zaka yake. Nilikwenda kumwomba mjane msamaha. Alikuwa hawezi tena kusema. Mpaka leo sijui kama alinisamehe.

Sheria ya Kanisa nilikuwa naijua. Kanuni ya 848 inataka maskini wasikose msaada wa masakramenti kwa sababu ya umaskini wao. Kanuni ya 1184 inataja wanaonyimwa maziko ya Kanisa, na deni la zaka halimo. Nilifaulu mtihani wa somo hilo seminarini, nikaufeli kaburini.

Kwa hiyo nawasihi mapadre wenzangu na viongozi wa walei: daftari la zaka lisiwe daftari la Hukumu ya Mwisho. Jina likiwa halina alama, kwanza mtu aende kubisha hodi kumjulia hali. Na tuwasomee watu hesabu. Kanuni ya 1287 inatuagiza kuwapa waamini taarifa ya mali walizolitolea Kanisa. Muumini anayejua kwamba fedha yake ilinunua bati, ikamlipa katekista na kumpeleka mgonjwa hospitali, hahitaji kutishwa kwa laana.

Nilimwambia nini yule mama?

Nilimwambia: "Mama, kalipe ada kesho asubuhi. Hujamwibia Mungu. Aliyekupa mtoto ndiye aliyekupa wajibu wa kumlea. Na mume wako hakufa kwa sababu ya zaka. Usimruhusu mtu yeyote akuambie tena neno hilo."

Akanyamaza kidogo. Kisha akasema: "Asante, Padre. Ila bado naogopa."

Sikumlaumu. Hofu iliyopandwa kwa jina la Mungu haing'oki kwa sentensi moja ya padre. Nikamwambia aende na hofu yake hivyo hivyo, alipe ada, na siku atakapokuwa na kitu cha kumtolea Mungu kwa furaha, akitoe, hata kama ni yai moja. Wahenga walisema kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Binti amekwisha kulipiwa ada na mtihani atafanya. Mama bado naye tunazungumza.

Ndugu msomaji, leo sanduku la sadaka litakapopita mbele yako, usitoe kwa kuogopa laana, na usijifiche nyuma ya makala hii. Jiulize tu kimoyomoyo: ninachotoa kinafanana na nilichopokea? Na je, kabla sijafika hapa, kuna mtu nyumbani au jirani ambaye alipaswa kupata kwanza? Jibu utakalolipata, litii.

Nakutakia Dominika njema.